Jinsi ya Kumchimba Mchimba Mafuta

Mmbea hodari haendi kwa rafiki wa mwenye siri. Huenda kwa aliyegombana naye. Ukitaka habari za kisima cha mafuta kilichofichwa, shika njia hiyohiyo, na ujipime kwa kigumu kuliko vyote: KIC-1. Chevron na BP walikichoronga katika majira mawili ya baridi, 1985 na 1986, kwenye ardhi ya Wainupiat karibu na kijiji cha Kaktovik, Alaska. Hakuna kisima kingine kilichowahi kuchimbwa ndani ya uwanda wa pwani wa hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki. Kilizibwa, na waliokichimba wakafunga midomo.

Darubini iache nyumbani. Ilifaa Pennsylvania mwaka 1882, wapelelezi walipojibanza msituni Cherry Grove kukivizia kisima namba 646, kilichokuwa na walinzi. Habari zilipotoka kwamba kina mafuta tele, bei ilianguka sokoni. Kaktovik utaambulia theluji na dubu weupe.

Kungoja muda wa siri uliowekwa na sheria uishe nako hakusaidii. North Dakota siri hudumu miezi sita. Alaska kwa kawaida ni miezi 24, lakini sheria inaruhusu kuirefusha pale ardhi jirani isipokodishwa, na ardhi jirani ya KIC-1 haikukodishwa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Basi fuata ugomvi. Mwaka 1987 BP ilinunua hisa zilizobaki za Standard Oil ya Ohio. Baadhi ya wanahisa wakaenda mahakamani Cleveland wakidai wamepunjwa, na kesi ya bei ya hisa haiendi bila kuuliza mali ya kampuni ina thamani gani, visima vikiwemo. Mwaka 2019 waandishi wa New York Times walifukua kumbukumbu za kesi hiyo, wakamtafuta na wakili wa wanahisa. Aliwaambia kuwa kisima kile hakikuwa na thamani. Siri iliyolindwa kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa Ohio, mbali kabisa na barafu.

Kisha tazama nani anatoa pesa na nani anazirudisha mfukoni. Wanajiolojia wa serikali walikadiria mwaka 1998 kuwa eneo la uwanda ule wa pwani lina wastani wa mapipa bilioni 10.4 yanayoweza kutolewa, bila kuyaona matokeo ya KIC-1. Lakini katika mnada wa kukodisha ardhi ya uwanda huo, Januari 2021, hakuna kampuni kubwa iliyojitokeza. Mnunuzi mkuu alikuwa shirika la jimbo la Alaska lenyewe. Mwaka uliofuata Chevron, pamoja na Hilcorp iliyorithi mali za BP Alaska, walilipa dola milioni 10 ili wajitoe katika mikataba yao ya eneo la kisima. Mnada wa Januari 2025 haukupata hata ombi moja.

Usikimbilie kutangaza kwamba hakuna mafuta. Kisima kimoja hakisemei uwanda wa ekari milioni moja na nusu. Ila kinasema kitu, na wenye hifadhi, yaani wananchi wa Marekani, na watu wa Kaktovik wanaoishi hapo, walistahili kukisikia kabla ya wanasiasa kuwaahidi utajiri. Mwaka 2025 Bunge liliagiza minada mingine minne. Kabla ya nyundo kugonga mezani, matokeo ya KIC-1 yawekwe wazi.