Friji Lililokuja Kukaa

Mke wangu aliomba friji dogo. Naomba neno hilo, dogo, likumbukwe, maana mimi nililisahau kabla daladala haijafika Kariakoo.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Mtaani kwetu Mbagala watoto hutoka shule na kiu, na barafu za ubuyu hazidumu hata saa moja. Yeye alikuwa na laki nne za kikoba, mimi nikaongeza laki moja. "Kafriji ka mlango mmoja, baba watoto, kapya. Kakigandisha barafu na kupoza maji ya kunywa, basi."

Kafriji kapya nilikaona. Kalinifika kiunoni, na bei yake laki nne na nusu. Nikakatazama kama mtu anavyomtazama mbuzi wa Idi aliyekonda. Hela yote hii, kwa kitu ninachoweza kukikalia? Mtaa wa pili, chini ya turubai, lilikuwa limesimama friji la mtumba kutoka Ulaya: milango miwili, jeupe, refu kunizidi. Baada ya kuvutana sana likashuka mpaka bei ile ile ya kale kadogo. "Hili chuma, bosi," muuzaji akasema huku akilipiga kofi ubavuni. "Hizo mpya plastiki tupu."

Nami mitumba naijua. Shemeji yangu aliwahi kuchomeka redio iliyotoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, kwenye ukuta wetu wa volti 230. Ilikohoa mara moja, ikatoa moshi, na haikusema tena. Kwa hiyo nilizunguka nyuma ya friji, nikainama, nikasoma kibandiko kwa sauti ili muuzaji ajue anashughulika na nani: volti 220 hadi 240, hezi 50. Sawasawa na kwetu. Nikafungua mlango, baridi ikanipiga usoni. Pembeni ya mlango palikuwa na mabaki ya karatasi ya rangi iliyobanduliwa, kijani juu, nyekundu chini. Nikauliza ni nini.

"Urembo tu wa Wazungu."

Nikaridhika, nikahesabu hela.

Tulilipeleka kwa guta, limelazwa chali kama mgonjwa. Mke wangu alitoka mlangoni, akaliangalia friji, akauangalia mlango wa jikoni, kisha akaniangalia mimi. "Hili ndilo dogo?" Jikoni halikuingia. Likaishia sebuleni, likaziba nusu ya dirisha. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja na sasa ulikuwa mwezi wa pili, akaacha kusuka ukili wake. "Mwanangu, na hili nalo limekuja kukaa?"

Nililichomeka papo hapo. Likanguruma usiku kucha, asubuhi maji bado vuguvugu. Fundi akaja, akauliza lilisafirije. Nilipomwambia, akasikitika kwa kichwa: friji likilazwa, mafuta ya kompresa huhama mahali pake, na likifika liachwe limesimama masaa kadhaa ndipo liwashwe. Mimi nilikuwa nimelipa dakika kumi. Akaongeza na lile neno ambalo mafundi wa friji wote wanalo, kwamba gesi imeisha. Elfu sitini.

Baada ya hapo likapoa kweli. Mke wangu akalitandikia kitambaa cha kufuma, juu yake ua la plastiki. Barafu zikauzika. Wageni wakipewa maji ya baridi nilikuwa napenda kuinuka kuyaleta mwenyewe.

Kisha ikaja LUKU.

Anayelipa umeme kadri anavyotumia anajua kwamba mwezi una mwendo wake. Sisi tulikuwa kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila uniti, ambayo ukiweka kodi na tozo hufika kama 122. Nyumba nzima ilitumia uniti 60 hivi. Mwanzo wa mwezi nilinunua umeme wa elfu kumi, ikakatwa kodi ya jengo shilingi 1,500, kinachobaki kikatuletea uniti zinazokaribia 70. Nikabonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita, nikaisahau mpaka mwezi mwingine.

Mwezi wa kwanza wa friji umeme ulikata tarehe 11. Nikanunua tena. Hapo nikajifunza kwamba kwenye daraja letu, kuanzia uniti ya 76, bei inaruka kutoka shilingi 100 hadi 350, na hapo kodi bado. Nikanung'unika, nikalipa. Miezi kadhaa baadaye, matumizi yakiwa hayashuki, tukajikuta tumehamishiwa daraja la kawaida, la shilingi 292 kabla ya kodi. Elfu kumi ile ile, mwanzo wa mwezi, ikaleta uniti 23 na chembechembe. Nilidhani nimekosea namba ya mita.

Tukaitisha kikao. Pasi ya kijana wetu ikashtakiwa, ikatetewa. Redio ya Mama, inayokesha na mawaidha, ikatajwa kwa adabu na kuachwa. Mimi nikaleta hoja kwamba jirani anatuibia, au mita ni mbovu. Friji hakuna aliyeligusa. Mfalme hashukiwi.

Binti yetu wa kidato cha tatu ndiye aliyeinua macho kwenye daftari. "Na friji?"

"Friji," nikamfundisha, "likishapoa hujizima lenyewe. Halili kitu."

"Baba, mara ya mwisho umelisikia limezima lini?"

Tukanyamaza kulisikiliza. Lilikuwa linanguruma. Nikajaribu kukumbuka kimya chake, hata usiku mmoja, nikakosa. Tulikuwa tumeizoea sauti ile kama watu wa pwani walivyozoea mawimbi.

Usiku ule tukazima kila kitu, tukaacha friji peke yake, tukasimama mbele ya mita na saa ya simu. Mita yetu ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh. Binti akaeleza: ikipepesa mara 1,000, uniti moja imeliwa. Tukahesabu kwa pamoja, kama watu wanaovuta uradi. Mara tatu kwa dakika. Yeye akaandika: 180 kwa saa, 4,320 kwa siku. Uniti nne na ushee kila siku, karibu 130 kwa mwezi. Friji moja lilikuwa linakula zaidi ya mara mbili ya nyumba nzima.

Mke wangu akaleta daftari lake la barafu, akaweka kidole kwenye mstari wa faida, kisha kwenye hesabu ya binti. Hakusema neno, na sikuhitaji aseme. Tulikuwa tunauza barafu ili tulipie umeme wa kugandisha barafu.

Kwa nini halijizimi? Binti akachukua simu yangu, akawasha tochi, akaiweka ndani, akafunga mlango, akazima taa ya sebule. Gizani tukaona mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi, ukishuka ubavuni mwa mlango na kukunja kona ya chini mpaka nusu. Pale mpira wa mlango ulikuwa umesinyaa. Baridi ilipita hapo mchana kutwa, joto la Mbagala likaingia hapo hapo, na kompresa ikafukuzana nalo bila kupumzika. Nilikuwa nimenunua mashine ya kupoza Mbagala. Wakati tunalitazama lile jambo, simu ikaita mle ndani, na Mama akauliza kwa hofu ni nani anayelipigia friji.

Fundi alikiri mpira wa aina ile hajawahi kuuona mjini. Akakata wa friji lingine, akaubandika kwa gundi. Ulishika siku nne.

Halafu binti akanionyesha yale mabaki ya karatasi. Kijani juu, nyekundu chini: ndiyo karatasi inayomwambia mnunuzi wa Ulaya friji linakula umeme kiasi gani kwa mwaka. Mimi nilisoma volti kwa sauti nikajiona mjanja. Volti zilinihakikishia tu kwamba friji halitaungua. Kuhusu kula, karatasi ilikuwa imekwisha kubanduliwa, na mimi nikaambiwa ni urembo nikashukuru.

Zamu ya pili ya kikoba ilipofika, mke wangu alikwenda Kariakoo bila mimi. Alirudi na kafriji ka kufika kiunoni, kamesimama wima kwenye kirikuu, naye kakaa nyuma amekashika mkono kama mtoto anayepelekwa shule. Akakaacha mpaka jioni bila kukachomeka. Mlangoni karatasi ilikuwa nzima: kilowati-saa 168 kwa mwaka. Akagawanya kwa kumi na mbili mbele yangu, akapata 14, akajumlisha na 60 zetu za zamani. Uniti 74. Akaizungushia duara, akaandika chini yake: *Bakaa 1*. Karatasi ile mpaka leo haibanduliwi, hata kwa kufuta vumbi.

Lile kubwa halikupata mnunuzi. Kila aliyekuja alisikiliza kwanza. Limebaki pale pale dirishani, waya wake umefungwa kwa kamba. Juu, kwenye friza, Mama amepanga kanga zake. Chini ameweka ukili na redio. Panya hawafiki humo, anasema, ila mende wanapita palepale ilipokuwa ikitokea baridi. Na ukimuuliza anaondoka lini, hujibu kwamba hawezi kuondoka hivi hivi na kuliacha kabati lake.