Muulize Shangazi Mafla

Shangazi Mafla hujibu matatizo yote yanayotokea kati ya injini na bampa la nyuma. Mambo ya ndoa, mahari na mirathi yana shangazi wake. Huyu wa kwetu analala chini ya gari.

*

Shikamoo Shangazi. Nina Corolla 110 ambayo haijawahi kunitupa. Ofisi yangu iko mwendo wa dakika tano tu kutoka nyumbani. Kila asubuhi nikiwasha gari, bomba la moshi linadondosha maji. Fundi wa kwanza alisema gasketi ya hedi imeungua. Wa pili alisema mafla imeoza, akaiviringishia kopo la maziwa na waya wa kufungia nondo. Kopo lilidumu mpaka tuta la kwanza. Sasa mtaa mzima unaijua ratiba yangu. Juzi nilimpigia mke wangu simu kwamba bado niko kikaoni, akanijibu kuwa ameshanisikia nikikata kona ya Raskazone. Nifanyeje?
— Nimesikika, Tanga

Marahaba, mpwa wangu. La kikao mtamalizana wenyewe. Mimi nashika la kutu.

Maji unayoyaona si maajabu. Petroli ikiungua huzaa maji, tena mengi: lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji, yakipita kwenye bomba kama mvuke. Gari likienda safari ya maana, bomba lote linapata moto na mvuke unatoka zake nje. Lakini wewe ni mtu wa dakika tano. Mafla iko mwisho kabisa wa bomba, haijapata hata uvuguvugu, wewe umeshazima na kufunga milango. Mvuke unageuka maji, yanalala humo ndani na asidi kidogo iliyotokana na moshi, yanakula bati usiku kucha. Ndiyo sababu mafla huonekana nzima kwa nje, halafu siku moja inatoboka bila taarifa. Chumvi ya bahari inachangia kwa nje, sikatai, ila watu wa Tanga mmezoea kuisingizia bahari kila kitu.

Gasketi ya hedi ikiungua ina dalili zake: maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, moshi mweupe haukomi hata injini ikishapata moto, oili inabadilika rangi kama chai ya maziwa. Kama huna hata moja, fundi wako wa kwanza alikuwa na ada ya shule ya kulipa.

Ingia chini gari likiwa limepoa, na usiliamini jeki peke yake, weka stendi. Igonge mafla kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na ndani utasikia magamba yakichakarika. Ukisikia hayo usikubali kiraka, kwa sababu welding inahitaji chuma cha kushika, na chako kimeshakuwa unga. Kata, weka nyingine. Ukiikagua hiyo mpya unaweza kukuta katundu kadogo upande wa chini. Kametobolewa kiwandani ili maji yatoke. Nimeona mafundi wakikaziba kwa bidii kubwa na kudai hela ya kukaziba.

Kabla ya kuchomelea, waya wa betri uchomolewe. Fundi akikuletea kipande cha bomba la maji la mabati, kataa: zinki yake ikiungua inatoa moshi unaompa mchomeleaji homa, na usiku mwenyewe atadhani ni malaria. Badilisha pia mipira ya kuning'inizia ekzosi. Ni ya bei ndogo na kila mtu huisahau, kisha bomba linacheza mpaka weldi mpya inapasuka.

Halafu mara moja kwa wiki lipeleke gari Muheza, mkanunue machungwa. Nasema mkanunue, wewe na mke wako.

*

Shangazi, nikiipaka ekzosi oili chafu, si haitashika kutu?
— Mbana Matumizi, Mtwara

Itafuka moshi mpaka abiria washuke, na ikizidi itawaka. Acha.

*

Shikamoo Shangazi. Tuna Noah ya zamani. Tukitoka Dar kwenda Iringa, watoto wanaokaa siti ya nyuma wanalala mapema sana, na wakiamka wanaumwa kichwa na kutapika. Mume wangu anasema ni kona za Kitonga. Gari lina mlio kidogo kwa chini, na mpira wa mlango wa nyuma umechanika.
— Mama wa Watatu, Iringa

Marahaba, mwanangu. Hapa sina utani. Gari hilo lisipakie mtoto tena mpaka limekaguliwa.

Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaing'ang'ania damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu aliyeivuta huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Anayelala humo anaweza asiamke. Mlio wa chini maana yake bomba limetoboka kabla ya moshi kufika nyuma, na mpira uliochanika ndio mlango wake wa kuingilia. Kona za Kitonga zinatapisha watu, ni kweli, lakini muulize mume wako kwa nini wanaoumwa ni wa siti ya nyuma na wanalala kabla hata hawajafika huko.

Njiani ikitokea tena, simamisheni gari, wote washuke wapate hewa safi, na mgonjwa apelekwe hospitali. Semeni wazi kwamba mnashuku moshi wa gari. Msidhani kufungua mlango wa nyuma kutasaidia, maana gari likitembea hewa huzunguka na kuuvuta moshi uingie ndani. Gereji, fundi awashe injini ikiwa baridi, mtu azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene, mwingine asikilize kwa chini. Panapovuja patafoka. Kazi hiyo ifanyike nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa.

*

Shangazi, nichukue mafla ya mtumba kutoka Japani, mpya ya kawaida, au ya stenlesi? Muuzaji kaniambia nijaribu kwa sumaku.
— Mnunuzi, Arusha

Mtumba wa Japani tunauheshimu, lakini kaskazini mwa nchi hiyo, Hokkaido na jirani zake, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mafla iliyotoka huko imeshaanza kuliwa kabla ya kupanda meli. Sumaku nayo inadanganya: kuna stenlesi inayonaswa, hasa aina ya 409 inayotumika sana kwenye ekzosi, na inayokataa kama 304. Kwa gari unalotaka kuliuza karibuni, chukua mpya ya bati lililopakwa alumini. Kama utazeeka nalo, stenlesi.

*

Mambo Shangazi! Nina Grande GX100. Fundi wa kijiweni anasema tung'oe masega na mafla, tuweke bomba nene moja kwa moja, gari litaongezeka nguvu. Tena ni mtu poa, kasema masega atang'oa bure.
— Kijana wa Mjini, Sinza

Mambo yako mwenyewe. Shangazi husalimiwa shikamoo.

Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya mafla mwaka 1897, magari yakiwa ya kuhesabika. Hata hayo machache yalishatosha kuwa kero. Humo ndani kuna mabomba yenye matundu na vyumba ambamo mawimbi ya sauti yanagongana na kufifishana. Ukiitoa utapata makelele mengi na nguvu kiduchu. Bomba likizidi unene, moshi unapoa na kupunguza mwendo, gari linakosa mvuto kwenye mzunguko mdogo wa injini, na huko ndiko unakoishi wewe, kwenye foleni ya Shekilango. Anza na chujio la hewa na plagi. Kama unataka sauti nzito, tafuta mafla nzuri ya stenlesi na bomba lililozidi la kiwandani kidogo tu, likunjwe bila kubonyea kwenye kona.

Masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, huziba kweli, na yakiziba gari linashindwa mlima. Lakini mara nyingi kilichoyaua ni injini inayokula oili au kukosa moto kwenye plagi. Usipotibu hilo, hata mapya yatakufa. Na gari lenye sensa nyuma ya masega litakuwashia taa ya injini kwenye dashibodi mpaka uichukie.

Kuhusu huo wema wa bure: masega yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na rodiamu mara nyingi imeuzwa ghali kuliko dhahabu. Mwambie fundi utalipa kazi yake yote, ila masega utaondoka nayo kwenye buti. Akikubali, nipe namba yake, nina Corolla ya mtu Tanga inamsubiri. Akianza kukueleza kwamba ni takataka, hayana faida kwako, washa Grande yako uondoke kabla hajashika spana.