Mzee, Weka Windows Tu

Kijana wa dukani Kariakoo ameniita mzee mbele ya wateja, nami sina hata mvi moja. "Mzee, weka Windows tu, acha kujitesa." Kaunta nzima ikacheka. Mkononi nina kompyuta yenye Linux, kadi ya Wi-Fi ya USB, na risiti yenye muhuri mwekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Modeli nilikuja nayo kwenye karatasi, ikalingana na boksi herufi kwa herufi. Nikaichomeka palepale, nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, nikisubiri chipu ya Atheros AR9271. Ikajitokeza chipu ya ukoo mwingine kabisa.

Hapa ndipo penye utamu. Linux haina habari na jina la kwenye boksi. Inachotambua ni chipu. Kiwanda kinaweza kubadilisha chipu na kuacha jina, rangi na picha vilevile. Kinachobadilika ni "v1" kuwa "v2", kwa maandishi ya kuvalia miwani, chini ya mistari ya bakodi. Na hata draiva ikiwepo, chipu nyingi huamka hazijui zimeletwa duniani kufanya nini. Kila ukiziwasha, draiva huzipakia faili la fimwea kutoka kwenye diski, ndipo zijue kuwa ni redio. Mafaili hayo mengi ni siri ya kiwanda, kwa hiyo Debian, mojawapo ya aina za Linux, iliyaweka nje ya diski yake rasmi ya usakinishaji hadi wanachama wake walipopiga kura mwaka 2022. Toleo la 12, mwaka 2023, likaja nayo. Kabla ya hapo ulielekezwa upakue faili kwenye intaneti, ili upate intaneti. (Kuna kadi ambazo ukizichomeka hujifanya CD ya draiva za Windows, hadi uziamuru ziache maigizo.) Na AR9271 niliyoikosa? Msimbo wa fimwea yake uko wazi kwa yeyote.

Kicheko nimeshakisamehe. Boksi sijalisamehe. Ubavuni limeandikwa "Linux" kwa herufi nono, bila kutaja ni kernel (kiini cha Linux) ipi, ya mwaka gani. Biskuti ya shilingi mia hutaja hadi chumvi iliyomo. Kadi ya maelfu inaficha chipu, na hasara ni ya mnunuzi.

Nyingine nikamwagiza shemeji aliyekuwa Dubai. Akaleta spika.

Iliyofuata ilikubali, ila ukifunika kompyuta inazimia.

Kwa sasa nachukua intaneti ya simu kwa waya wa USB, Linux imeipokea bila swali. Mke wangu akipiga, tunanyanyuka sote: mimi, simu na kompyuta.