Jinsi ya Kuchagua Chuo cha Sheria Mbele ya Ukoo Mzima

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, usijidanganye kwamba utachagua chuo peke yako. Iwe Kibosho, Marangu au Machame, kikao kitakuwa kimeshakaa kihambani kabla hujamaliza kuhesabu pointi zako. Nenda na daftari.

Mwache baba mkubwa aanze. Atasema Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ana haki: chuo kile kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na fani moja tu, sheria. Mpe kata ya mbege aisifie mpaka aridhike. Akishameza, muulize kwa adabu, "Baba mkubwa, nikuandikie shilingi ngapi?" Andika jibu lake lilivyo, hata likiwa kikohozi. Sifa ya chuo isiyochangiwa na mtu italipwa na wewe.

Kisha toa karatasi za Bodi ya Mikopo. Wazee wengi wa huku Kilimanjaro walisomeshwa na kahawa iliyopitia ushirika wa KNCU. Wewe utasomeshwa na mshahara ambao hujaupata. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mjomba akikutisha na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, mweleze taratibu kwamba ilifutwa 2021. Na shangazi akitaja Samia Scholarship, mshukuru kwa kukuombea mema, lakini ile ni ya wanasayansi. Wewe wa tahasusi ya HGL usiipangie bajeti.

Sasa fika pale ambapo vikao vingi haviendi. Shahada haikufanyi wakili. Anayetaka uwakili, awe ametoka Mlimani, Makumira pale Usa River, au chuo ambacho hata kondakta hakijui, lazima apite Shule ya Sheria, Dar es Salaam, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008. Oktoba 2022 matokeo yake yaliishtua nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walipata sapu na 265 wakadisko. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kisomee kikao kizima tarakimu hizo, polepole, kisha sema bajeti yako haiishii kwenye joho la shahada. Ina ada nyingine, chumba Dar, nauli, na akiba ya kurudia mtihani. Familia inayomaliza fedha zote kwenye jina la chuo cha kwanza humwacha mtoto barabarani akiwa amebakiza hatua moja.

Siku inayofuata panda Coaster uende vyuoni mwenyewe. Usiulize jengo lina ghorofa ngapi. Omba kuona insha za mwaka wa pili zilizosahihishwa. Zikiwa zimejaa wino mwekundu, pana mtu anayefundisha pale. Zikiwa na alama tupu, rudi stendi. Ukipata nafasi pita Mahakama Kuu pale Moshi, uwaulize mawakili vijana ilichukua muda gani mpaka wakapata mteja anayelipa.

Kati ya chuo chenye jina kitakachokulaza na deni na chuo kisichovuma kinachokupunguzia ada na kusahihisha kazi zako, mimi ningekupeleka hicho cha pili. Tofauti ya ada iwekwe benki kwa ajili ya Shule ya Sheria, na mama awe mtia saini wa pili.