Asanteni kwa Kutusikiliza: Barua kwa Waheshimiwa wa Bunge Letu la Kaunti

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuwapongeza. Kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kubomolewa kwa nyumba tunazopanga kwa kaunti, ili pajengwe maghorofa ya nyumba za bei nafuu, kilifana mno. Hema lilikuwa jipya, soda zilikuwa baridi, na kitabu cha mahudhurio kilifika kabla ya msemaji yeyote. Tulisaini tukiingia, tukasaini tena tukipokea nauli, na mzee mmoja asiyeona vizuri akashikwa mkono hadi kidole chake kikapata wino. Hakuna aliyeachwa nje ya demokrasia.

Tangazo nalo lilitufikia. Lilitoka gazetini Jumanne, kwa Kiingereza, na kikao kikawa Alhamisi saa tatu asubuhi, wakati wapangaji wengi wako vibaruani. Mswada wa mradi huo pia tuliuona: nakala moja nene, mezani, chini ya chupa ya maji ya mheshimiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki. Kweli haikutaja popote kwamba umma usome.

Kisha tukapewa dakika mbili mbili. Mama anayeuza mahamri kwenye ngazi za bloki yetu aliuliza: mpangaji wa sasa ataandikiwa wapi kwamba ana haki ya kurudi, na akirudi atalipa kodi kiasi gani? Akajibiwa kwamba maoni yake yamenakiliwa. Kijana mmoja akauliza jiko la makaa litawekwa wapi kwenye ghorofa ya tisa. Yamenakiliwa. Mimi nikauliza hii asilimia 1.5 ya mshahara ninayokatwa kila mwezi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na mwajiri wangu akaongeza kiasi hichohicho, kama itanipunguzia chochote siku nikitaka chumba pale pale ninapolala leo. Yamenakiliwa. Nilipopita karibu na meza ya karani nikaona ukurasa wa ripoti umeshapigwa chapa: wakazi wameunga mkono mradi kwa kauli moja. Saa nne ilikuwa haijafika, na foleni ya kusema ilikuwa imefika mlangoni. Kasi ya namna hiyo sijawahi kuiona katika ofisi ya serikali, hata siku ya kulipa faini.

Msidhani nawalaumu. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliwakosesha usingizi watunga sheria iliposema, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023 (ndiyo iliyoanza kutukata hela za nyumba), kwamba Bunge lilipaswa kueleza kwa nini maoni ya wananchi yalikubaliwa au kukataliwa. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Naamini mlilala vizuri.

Kwa hiyo nina pendekezo la kubana matumizi. Kikao kijacho msikodi hema wala vipaza sauti. Mtumeni karani na kitabu chake apite mlango kwa mlango, tusaini, nauli tutumiwe kwa M-Pesa, na mama wa mahamri asiache karai lake likiungua kwa sababu ya dakika mbili.

Ila mkishikilia kwamba lazima tuonane, basi njooni baada ya Magharibi, watu wakiwa wametoka kazini. Mswada utangulie wiki mbili, kwa Kiswahili, ubandikwe pale kwenye bomba la maji ambako kila mtu hupita. Na ripoti iwe na safu tatu: alichosema mkazi, mlichofanya, na kwa nini hamkukifanya. Mahakama haijawakataza kutoa sababu.

Lile swali la kurudi na la kodi tungependa lijibiwe kwenye mkataba wenye sahihi zenu, kabla tingatinga halijashushwa kwenye lori. Sahihi zetu mnazo tayari.

Wenu mtiifu,
Mpangaji, bloki ya kwanza kubomolewa