Malezi Bora ya Amana

Wapangaji wa Lodwar hawana shukrani. Mtu anahama nyumba, anarudi Katilu, kisha anaandika barua yenye tarehe na nakala ya risiti akiomba arudishiwe amana yake, kana kwamba pesa hizo hazikupata malezi bora huko ziliko. Benki humpa pesa yeyote mwenye akaunti akiomba tu. Hata bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya 1986 na 1991, huzuia maji kisha likayaachia yateremke hadi mashamba ya Katilu. Landilodi thabiti hana udhaifu huo.

Wapo watakaosema amana ni ya kurekebisha uharibifu tu. Naam, na uharibifu upo: tundu la msumari mmoja, na vumbi, ambalo bila shaka ni mpangaji aliyelileta Turkana. Rangi ya kuficha hayo hugharimu, kwa sadfa njema, amana nzima bila kuzidi shilingi. Wengine wataitaja Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria ya 2016 inaipa siku 60 kumaliza kesi. Haraka yote hiyo ya nini, ilhali barua bado inasomwa kwa makini na mpangaji mpya ameshalipa amana yake?