Barua ya Wazi kwa Waliowapangia Bakteria Umri

Leicester, Machi 2024

Kwa waheshimiwa wa NHS England, watunzi wa mwongozo wa Pharmacy First,

Hongereni. Tangu tarehe 31 Januari, mfamasia wa mtaani ametambuliwa rasmi kuwa ana macho. Sasa anaruhusiwa kumtazama mgonjwa na kumpa dawa, hata antibiotiki, bila ya kumpeleka kwa daktari, kwa magonjwa 7: koo, sainasi, sikio, mkanda wa jeshi, impetigo, UTI, na pale alipoumwa na mdudu pakaingia vijidudu. Waskoti wana huduma ya jina hilohilo tangu 2020, lakini haraka haraka haina baraka.

Kinachonistaajabisha ni jinsi mlivyoyatia adabu maradhi. Sikio mmeliamuru liume kati ya mwaka 1 na 17. Kijana akitimiza 18, sikio lake linahama dirisha la dawa na kwenda kupanga foleni kwa daktari wa mtaa (GP). Asihuzunike: siku hiyohiyo amefuzu kuugua mkanda wa jeshi. UTI mmewapa wanawake peke yao, tena wa miaka 16 hadi 64. Mama wa miaka 64 na miezi 11 akija, mfamasia ni mtaalamu. Anamhoji, anampa nitrofurantoin ya siku 3, wanaagana. Akirudi baada ya sikukuu yake ya kuzaliwa na mkojo unachoma vilevile, mtaalamu kageuka muuza shampuu.

Najua mtanijibu, na jibu lenu lina mantiki: UTI ya mzee, ya mwanamume au ya mjamzito huenda ikaficha jambo kubwa, na antibiotiki si peremende. Sawa. Huyo mwenye jambo kubwa mnampeleka wapi? Kwenye simu ya saa 2 asubuhi, agombee nafasi ya daktari na mtaa mzima. Mwenye hatari ndogo anahudumiwa Jumamosi papo hapo. Mwenye hatari kubwa, subira.

Na malipo! Duka linapata pauni 15 kwa kila mgonjwa anayetimiza masharti ya mwongozo, na pauni 1,000 kwa mwezi likifikisha idadi: mwezi huu wagonjwa 5, na ifikapo Oktoba wagonjwa 30. Naomba basi nyigu wapelekewe waraka, maana Oktoba ya huku huwa wameshachoka kuuma. Yule mama wa miaka 65 aliyejiingilia mwenyewe, akasikilizwa, akaelekezwa kwa daktari, hesabu yake ni sifuri.

Lakini kilele cha hekima kiko kwenye rafu. Daktari akiandika amoxicillin ya miligramu 500, na duka likawa na za 250 tu, mfamasia huyuhuyu mliyemwamini kwa antibiotiki hawezi kutoa mbili mahali pa moja. Cheti kirudi kwa daktari kikaandikwe upya, isipokuwa serikali iwe imeshatangaza rasmi uhaba wa dawa hiyo. Miaka 4 ya chuo kikuu na mmoja wa mafunzo kazini, na bado 250 kujumlisha 250 ni swali la daktari.

Wafamasia watakaosajiliwa mwaka 2026 mmeahidi kwamba wataandika dawa wenyewe tangu siku hiyo ya kusajiliwa. Tafadhali tuarifuni mapema kama kujumlisha nako kumo.

Wenu mtiifu,
Mkazi mwenye masikio mawili, yote yamepita 17